Fundi wa Volkswagen Ngamiani Tanga, huyu anajua kazi

Wenye Beetle za zamani hapa Tanga nawaambieni kitu. Injini yangu ya 1600 ilishafanyiwa ovahoo na fundi mwingine huko nyuma, akajaza siliko, ile gundi ya kuzibia oili, chini ya silinda mpaka ikafinyika ndani, mwezi haujaisha oili inachuruzika na harufu ya kuungua gari zima, iliniuma sana maana ni gari ya marehemu baba.

Nikaelekezwa gereji moja ya uani Ngamiani. Mzee wa pale kafungua, kakwangua bloku mpaka chuma king'ae, halafu kabla ya kufunga chochote kapandisha pistoni juu kabisa akapima pengo mpaka ukingo wa silinda, 0.8 mm. Akasema mwanangu hii imebana mno, tutaweka shimu, kipete chembamba cha chuma, ya 0.5 chini ya kila silinda tupate 1.3. Siliko akapaka kwa kidole, utando mwembamba tu huku na huku ya shimu, lakini juu kwenye hedi, kile kifuniko cha silinda, hakupaka kitu, pale ni chuma kwa chuma. Na zile paipu za pushirodi, vile vyuma vya kusukuma valvu, akazivuta kidogo ziwe ndefu maana hedi imesogea nje, paipu zisipozibana sili zake oili inavuja. Nati akakaza kwa toki spana, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kupishanisha, awamu mbili.

Bei si ya chini na gari ilikaa siku sita, tena hana kivuli cha kungojea. Ila nimeenda Lushoto nikarudi, chini pakavu kabisa.