TAHADHARI: Mpanga ratiba wa kazi za mteja wa siri anaahidi bonasi kwa simu, ukishamaliza kazi anaingia mitini

Wakuu habari zenu. Naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnisamehe nikiruka ruka, ila nimeona bora niseme sasa hivi maana mwisho wa mwezi ndio huo unakuja na najua kuna mtu saa hizi anapigiwa simu ile ile niliyopigiwa mimi.

Kwa ambao hamzijui hizi kazi, mteja wa siri ni mtu anayetumwa na kampuni ya utafiti aende dukani au benki au mgahawani ajifanye mteja wa kawaida, anunue kitu au aulize maswali, akirudi nyumbani ajaze fomu ndefu kama mkeka, alisalimiwa baada ya dakika ngapi, mhudumu alikuwa na beji, choo kikoje, kuna mtu alijaribu kumuuzia kitu cha ziada. Unapakia risiti na picha, mhariri wao anapitia, ripoti ikipita unasubiri malipo yako pamoja na hela uliyotumia kununua hicho kitu. Hakuna ajira hapo, unajitegemea, unafanya kazi moja moja. Anayekugawia kazi ndio mpanga ratiba. Huyu wangu angefaa kuitwa mpangaji kabisa, maana kakaa kwenye mfuko wangu miezi mitatu bila kulipa kodi.

Ilikuwaje sasa. Tarehe 27 usiku napigiwa simu, sauti tamu, "dia naomba uniokoe". Ana matawi 4 yamebaki, ni mbali, hakuna mtu anayataka, na mwezi ukiisha hayajafanyika yeye ndio ataulizwa. Nikamwambia malipo yaliyopo kwenye mfumo (tovuti ya kampuni tunayokubalia kazi na kupakia ripoti) hayatoshi hata usafiri. Akasema hakuna shida, nitakupa bonasi ya kila tawi sawa na malipo yenyewe, yaani mara mbili, na nauli juu, wewe anza tu kesho asubuhi na mimi nitairekebisha kwenye mfumo nikifika kazini. Nimefanya hizi kazi muda mrefu, nilitakiwa nishtuke hapo hapo. Sikushtuka. Alinisifia kidogo kwamba ripoti zangu ndio anazipenda kuliko za wote na mimi nikavimba kichwa, nikabonyeza kukubali kazi zote 4.

Asubuhi nikaangalia mfumo, malipo ni yale yale ya zamani. Nikamtumia meseji, akajibu kuhusu matawi mawili ya kwanza kwamba "bonasi ipo dia, naingiza mchana". Hayo mawili mengine tuliongea kwa simu tu nikiwa barabarani. Hii kitu ikumbukeni, inarudi huko mbele.

Nikafanya kazi zote ndani ya siku mbili, nikajaza ripoti usiku huo huo maana wao wanataka ndani ya saa 24. Tatu zikapita, alama 9 na 10. Ya nne ikakaa "inahakikiwa" wiki tatu nzima halafu ikaja kukataliwa, sababu eti risiti haionyeshi muda. Risiti ina muda! Nilikuwa na picha ya kwanza kabisa niliyopiga nikiwa bado nje ya lile tawi, saa na dakika zinasomeka vizuri tu. Hakuna mhariri aliyenitafuta kuuliza, na kawaida wakiwa na shaka wanakurudishia ripoti urekebishe. Kwa hiyo hapo nimepoteza malipo ya kazi pamoja na hela yangu mwenyewe niliyonunulia bidhaa.

Malipo yakaja baada ya siku 45 kama mkataba ulivyosema, bila bonasi hata moja. Nikamuuliza, ndio nikaanza kupigwa kalenda. Mara bonasi zinalipwa awamu nyingine dia, mara wa uhasibu yuko likizo, mara mfumo unasumbua. Awamu ya pili ikapita kavu. Nikamuuliza tena, sasa "dia" haipo, naambiwa "sikumbuki kama tulikubaliana hivyo, malipo ni yale uliyoyakubali kwenye mfumo". Baada ya hapo ni tiki za bluu tu, anasoma na kukausha.

Nilichokosea zaidi ni hiki, nilipoteza karibu mwezi nagombana na mtu ambaye hashiki hela. Wapanga ratiba wengi na wao ni vibarua kama sisi, wanalipwa kwa idadi ya kazi zilizokamilika. Ukishapakia ripoti yeye hesabu yake imekamilika, wewe kulipwa au kutolipwa hakumpunguzii kitu. Na mara nyingi hana hata ruhusa ya kutoa bonasi ya kiwango hicho bila msimamizi wa mradi kukubali, kwa hiyo anapokuahidi saa tatu usiku anaahidi hela ya mtu mwingine. Sisemi wote ni matapeli, nimefanya kazi na wengine waungwana sana, mmoja aliwahi kunipigia mwenyewe kuniambia amegundua nimelipwa pungufu. Ila hata mpanga ratiba mwaminifu anaweza kuhama kampuni wiki ijayo, na ahadi yake ya mdomo inahama naye.

Basi nikaacha kumwandikia yeye. Nikakaa chini nikaandika barua pepe moja kwa idara ya malipo, nakala kwa msimamizi wa mradi, nakala na yeye ili aone. Niliandika mara ya kwanza nikiwa na hasira ikatoka kurasa mbili, nikaifuta yote. Ya pili ilikuwa fupi: namba za kazi 4, tarehe niliyofanya kila moja, kiasi kilichoko kwenye mfumo, kiasi nilichoahidiwa, nilicholipwa, kinachobaki. Nikaambatanisha picha za skrini za meseji na picha ya ile risiti. Nikasema naomba majibu ndani ya siku 10 za kazi. Hakuna tusi, hakuna "mimi nina familia", hakuna kutishia kwenda kwa wakili nisiyekuwa naye.

Siku ya nne wakajibu. Ile ripoti iliyokataliwa wakaifungua upya, risiti ikaonekana ina muda (miujiza), wakanilipa kazi na bidhaa. Bonasi wakalipa matawi mawili tu, yale ambayo alikuwa ameandika kwenye meseji. Yale mawili ya kuongea kwa simu wakasema kwa upole kabisa kwamba hawana uthibitisho wowote. Na ukweli ni kwamba hata mimi sina. Kazi ile ile, wiki ile ile, mtu yule yule, iliyoandikwa imelipwa na iliyosemwa imekufa.

Sasa mimi nilivyojiwekea, na mtu asinione najidai maana nimejifunza kwa kulipa ada: simu ikikatika tu naandika hapo hapo, "kama tulivyoongea, tawi namba fulani, malipo kiasi fulani na bonasi kiasi fulani, nauli imo au haimo, thibitisha niendelee". Asipojibu siendi. Akijibu nasubiri kiasi kibadilike kwenye mfumo ndio nakubali kazi, napiga picha ya skrini siku hiyo hiyo, kwa sababu kurasa za kazi zikishapita nyingine zinafungwa na huoni tena kilichokuwa kimeandikwa. Nina daftari langu kwenye kompyuta, kila kazi na tarehe inayotakiwa kulipwa. Kabla ya hapo nilikuwa naenda kwa kukumbuka tu, na ukiwa na kampuni tano sita huwezi kujua nani kakulipa na nani kakuruka, wengine siku 30, wengine 60, mwingine anahesabu kuanzia mwisho wa mwezi uliofanya kazi na sio siku uliyofanya.

Na tusiogope kuomba nyongeza wala kukataa. Mwisho wa mwezi yeye ndio mwenye shida, kazi ikibaki wazi anaulizwa yeye, kwa hiyo muda wa kubana ni KABLA hujakubali. Ukishapakia ripoti huna tena cha kumbania.

Kuna mambo nilishauriwa na watu nikashukuru sikuyafanya. Mmoja aliniambia nenda kwenye lile duka ulilokagua mwambie meneja kwamba kampuni inayowakagua haijanilipa. Usithubutu! Mkataba karibu wote una kipengele cha siri, ukijitaja kwa mteja wao umevunja mkataba wewe, na sasa wana sababu halali ya kutokulipa na kukufungia akaunti. Ndio maana hata hapa sitaji kampuni wala matawi. Mwingine akasema zuia ripoti za kazi nyingine walizokupa mpaka walipe, nayo ni kujichimbia kaburi, ile kazi itahesabika umeikimbia na jina lako litachafuka kwenye mfumo wao. Kama umechoka nao maliza ulichokubali, usichukue kingine.

Someni pia mkataba, najua ni mrefu na unachosha, mimi mwenyewe nilikuwa nabonyeza kukubali bila kusoma. Wa kwangu nilikuja kuusoma baada ya tatizo nikakuta wanaweza kukataa kulipa kama mteja wao akikataa ripoti, na kwamba mgogoro utaamuliwa kwa sheria za nchi iliyosajiliwa kampuni. Ukiwa nchi nyingine sahau, gharama ya kufuatilia inazidi unachodai. Ukiwa nchi moja nao na kiasi ni kikubwa hapo mahakama ya madai madogo ni jambo la kufikiria, kama kwenu ipo. Ofisi za kazi mara nyingi watakwambia wewe sio mwajiriwa.

Kuna umoja wa hizi kampuni unaitwa MSPA, ulianza 1998, una kanda kadhaa duniani ikiwemo ya Ulaya na Afrika, na wanachama wake wanatakiwa kufuata maadili waliyojiwekea. Kabla ya kujiunga na kampuni ngeni angalia kama ni mwanachama, na kampuni mwanachama ikikugomea malipo unaweza kupeleka malalamiko kwa MSPA. Ila usitegemee wakukusanyie deni, hiyo sio kazi yao. Wala hawaajiri wateja wa siri, kwa hiyo ukiona mtu anasema anakuajiri kwa niaba ya MSPA huyo ni tapeli wa moja kwa moja.

Na kwenye matapeli hapo ndio nataka mnisikilize vizuri. Nilipolalamika kwenye kundi moja kwamba sijalipwa, haikupita siku mbili nikapata ujumbe kutoka kwa mtu eti yuko "kitengo cha madai", ameona malalamiko yangu, malipo yangu yote yako tayari ila nitume kwanza ada ndogo ya kuyafungua. Jina la kampuni analitaja sawasawa, nembo anayo. Nilitaka kuingia mkenge kweli maana mtu ukiwa unadai muda mrefu ukisikia "tayari" akili inalala. Kampuni ya kweli haikudai hela ili ikulipe hela. Angalieni anwani ya barua pepe herufi kwa herufi, halafu ingieni kwenye akaunti yenu wenyewe muulize kupitia humo, msijibu ule ujumbe.

Wengine wanakuja na hundi. Wanakutumia hundi kubwa kuliko malipo yako, wanasema toa ya kwako, inayobaki nunua kadi za zawadi utume namba zake, au utume hela kwa mtu fulani, eti ndio "kazi ya kukagua huduma ya kutuma pesa". Hundi ni feki. Kinachowaponza watu ni kwamba benki inaweza kukuonyesha hela kwenye akaunti ndani ya siku chache, hundi ije kugundulika feki baada ya wiki kadhaa, na benki inadai kwako wewe. Marekani shirika lao la kulinda walaji, FTC, wameonya kuhusu huu mchezo miaka na miaka na bado watu wanalizwa.

Huyu wangu yeye hana hundi wala ada, ndio maana ni ngumu kumshtukia, kampuni ni ya kweli na kazi ni za kweli. Dalili zake ni kupiga simu badala ya kuandika, siku za mwisho za mwezi, usiku, matawi ya mbali yakiwa kwa mafungu, na neno "nitarekebisha kesho". Ukimwandikia kuhusu bonasi anakupigia. Ukikataa kupokea ndio anaandika, tena nusu nusu. Aliyepigiwa simu kama hiyo aje inbox tulinganishe.

Jana saa mbili usiku kanitafuta tena kana kwamba hakuna kilichotokea, "dia uko free kesho? nina matawi 3". Nikamwandikia aweke bonasi kwenye mfumo kwanza, na anijibu kwa maandishi kuhusu yale mawili ya zamani.

Kapiga simu mara mbili. Sijapokea.