ODK Collect kwa ukaguzi wa visima: mgongano inauona, marudio haiyaoni

Kwa wadadisi watano wanaozunguka vijiji vya Bahi na Chamwino, mtandao ukipatikana hapa na kukosekana mbele kidogo, ODK Collect, programu ya simu ya kujaza fomu za kukusanya taarifa, inafaa kuliko jedwali la pamoja la mtandaoni. Fomu hujazwa bila intaneti, hukaa kwenye simu au kishikwambi, kisha huenda kwenye Central, seva ya ODK inayopokea fomu zote, mtandao ukirudi. Kuunganisha simu mpya ni kuskani msimbo wa QR, basi. Programu ni ya Android tu. Mwenye iPhone atajazia kwenye kivinjari.

Utamu wake ni orodha ya pamoja, yaani Entities. Kisima kilichosajiliwa kwa fomu moja hujitokeza kwenye fomu ya ukaguzi kikiwa na hali yake ya mwisho. Tangu toleo la 2024.3, ulichosajili asubuhi unakiona mchana hata bila mtandao, ila kwenye simu yako tu. Simu mbili zilizo meza moja hazipeani orodha mpaka zipitie seva.

Hapo ndipo kazi huharibika. Wawili wakisasisha kisima kilekile, Central hugundua kwamba mmoja alianzia taarifa ya zamani, huweka alama ya mgongano na kumwachia msimamizi aamue. Safi. Angalizo: kinachosomeka kwa muda huo ni kilichofika seva mwisho, hata kama ndicho kilichojazwa kwanza. Lakini wawili wakisajili kisima hicho kama kipya, kila simu hukipa kitambulisho chake, na seva huhesabu visima viwili halali. Hakuna onyo lolote.

Dawa iko kwenye kupanga kazi na fomu. Gaweni maeneo kwa vitongoji, msiache mipaka ya kukisia. Kila simu ipakue orodha upya kabla gari halijaondoka mjini. Kwenye fomu, swali la kuchagua kisima kwenye ramani litangulie la kusajili kipya. Na ramani ya MBTiles, yaani faili la ramani linalofunguka bila mtandao, iwekwe mapema, la sivyo nukta zitaelea kwenye kioo kitupu.

Picha nazo hula bando. Kwenye jedwali la Excel la kutengenezea fomu, andika max-pixels=1024 katika safu ya parameters ili picha zipunguzwe, maana bila hivyo kwa kawaida kila picha hutumwa kwa ukubwa wa kamera.