Huduma ya ulinzi katika kampasi yetu ya Malindi: lango ni imara, habari hazitufikii

Tathmini hii ni ya huduma ya ulinzi katika kampasi ninayosomea hapa Malindi, yaani walinzi wa kampuni binafsi iliyoshinda zabuni pamoja na ofisi ya chuo inayowasimamia. Majina ya kampuni na ya chuo nayaacha, ili walinzi ninaowasifu wasije wakapata matata kazini kwa ajili ya maneno yangu, na kwa kuwa mengi nitakayoyasema mwanafunzi wa chuo chochote cha Pwani atayatambua. Mimi husoma masomo ya jioni na hulala hosteli siku za juma, kwa hiyo huduma hii naitumia saa ambazo mtu huihitaji hasa, baada ya Isha. Nikiulizwa nitoe nyota, naipa tatu kati ya tano. Zote tatu ni za walinzi wenyewe. Mbili zilizokosekana zimepotelea ofisini, ambako habari za uhalifu huingia na hazitoki.

Nianze na lango, maana ndilo wanaloonyeshwa wazazi siku ya kuripoti. Mlinzi hukagua kitambulisho cha kila anayeingia, hata cha mwanafunzi aliyemwona asubuhi ile ile, mabegi hufunguliwa na kutazamwa ndani, na mgeni huandikwa jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, saa aliyoingia na mtu anayemwendea. Wapo wanaonung'unika kwamba foleni ya saa kumi na moja jioni inawachelewesha darasani. Mimi sinung'uniki. Sheria ya Kudhibiti Huduma za Ulinzi Binafsi ya mwaka wa 2016 inampa mlinzi wa lango mamlaka ya kumtaka mtu ajitambulishe na ya kuandika saa zake za kuingia na kutoka, na walinzi wetu huitumia kwa adabu, bila kumkaripia mtu. Dosari ni kwamba daftari la wageni huachwa wazi mezani, kila aliye kwenye foleni akiweza kusoma nambari za simu za waliotangulia. Dada wa mwenzangu mmoja, aliyekuja kumtembelea mara moja tu, alianza kupigiwa simu na mwanamume asiyemjua aliyemtajia majina yake yote matatu na siku aliyofika, na hatukuona pengine alipoweza kuyapata isipokuwa hapo. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, na kipande cha kadibodi cha kufunika ukurasa hakihitaji bajeti.

Kilichowapatia walinzi nyota zao ni huduma ya kusindikiza. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano, mwanafunzi anayetoka maktaba au darasani anaweza kumwomba mlinzi wa zamu amfikishe hosteli, kwa njia ya mchanga inayopita nyuma ya karakana na chini ya miarubaini miwili mikubwa. Mlinzi afanyaye kazi hii mara nyingi ni mzee ambaye sote twamwita babu. Ukimwamkia atakuitikia, "Marahaba mwanangu, umekula?", kisha atashika upande wa kichaka, tochi ameielekeza chini mbele ya miguu yako wala si usoni, na mkifika haondoki mpaka asikie komeo la ndani likifungwa. Mwezi wa Ramadhani yeye na wenzake waliisogeza mbele saa ya mwisho kwa hiari yao, ili wanaorudi kutoka tarawehe wasipite peke yao. Nimewahi kuishi katika nyumba za kupanga mjini ambako bawabu hulipwa zaidi na hajui hata jina la mpangaji. Huduma ya babu ni ya kiwango kingine kabisa.

Hata hivyo, anayesindikiza ni mmoja. Akishaondoka na mtu, wengine hubaki wakingoja kibarazani mwa maktaba, na mwenye haraka hukata shauri kwenda mwenyewe. Nyuma ya karakana ukuta ni mfupi kuliko kwingine, na taa ya sola iliyo pale haijawaka muda mrefu, kwani nguzo yake imeliwa na kutu ya upepo wa bahari na betri imechoka. Hapo ndipo simu zinaponyakuliwa. Katika muhula uliopita nilisikia habari hizo kutoka kwa mwenzangu mmoja baada ya mwingine, mmoja jikoni, mwingine kwenye foleni ya ada, mwingine ndani ya tuktuk tukielekea mjini, na kila mmoja wao alidhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kufikwa na jambo lile.

Nilimwuliza babu kama yalikuwa yakiandikwa. Alivuta droo ya meza ya lango akanifungulia daftari la matukio, kitabu kikubwa chenye gamba jeusi, kilichopigiwa mistari kwa rula. Maneno yalikuwa karibu yale yale katika kurasa mbalimbali, kwa miandiko tofauti kulingana na mlinzi wa zamu: simu imenyakuliwa, nyuma ya karakana, saa tatu na robo usiku, mnyakuzi ameruka ukuta. Ukingoni mwa kila ukurasa ilikuwapo sahihi ya ofisi. "Mwanangu, sisi twaandika," aliniambia. "Kila Jumatatu wanakuja kutia sahihi. Baada ya hapo hatujui." Kwa hiyo mahali palijulikana, saa ilijulikana, na hata njia ya kutorokea ilijulikana, waliokuwa hawajui ni wale waliokuwa wakipita pale usiku na simu mkononi. Lau karatasi moja ingebandikwa mlangoni mwa maktaba baada ya tukio la kwanza, waliofuata wangengoja kusindikizwa, au wangepita njia ya mbele penye mwanga. Huo ndio upungufu mkubwa wa huduma hii, na kuongeza walinzi pekee hakutauondoa, kwa kuwa taarifa tayari wanazikusanya na kuziandika vizuri.

Ofisi hueleza kwamba habari za namna hiyo huharibu jina la chuo. Hoja hii si ngeni, na kule Marekani iligharimu maisha. Mwaka wa 1986 Jeanne Clery, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Lehigh katika jimbo la Pennsylvania, alibakwa na kuuawa chumbani mwake bwenini akiwa na umri wa miaka 19. Muuaji alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, na aliingia kupitia milango iliyopaswa kujifunga yenyewe lakini ikawa imeegeshwa kwa vitu ibaki wazi. Wazazi wake walikuja kugundua kwamba chuo kilikuwa na historia ya uhalifu ambayo wao, wakati wa kumchagulia binti yao mahali pa kusoma, hawakuelezwa. Walipigania sheria, na ikapitishwa mwaka wa 1990. Hadi leo vyuo vya huko ambavyo wanafunzi wake hupata msaada wa fedha za serikali kuu ni lazima vichapishe kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Oktoba kupita, idadi ya makosa ya jinai ya miaka 3 iliyotangulia, viwe na daftari la matukio ambalo mtu yeyote anaweza kuomba kulisoma, na vitoe onyo kwa wakati pale ambapo hatari ingalipo. Vyuo hivyo havikufungwa kwa kukosa wanafunzi. Daftari tunalo hata sisi, tena limeandikwa kwa uangalifu. Lililobaki ni ruhusa ya kulifungua, na kwa hilo chuo chetu hakina haja ya kungoja Bunge la Nairobi.

Hoja ya pili ya ofisi, kwamba matangazo yatatia watu hofu, siidharau hata kidogo. Sisi wa Pwani ya kaskazini tunalikumbuka shambulio la kigaidi la Mpeketoni, kule Lamu, la mwaka wa 2014, na kila mwanafunzi nchini anaikumbuka Garissa, ambako alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu, wengi wao vijana waliokuwa mabwenini. Kuta na malango tunayoyaona leo vyuoni kwa sehemu kubwa yalitokana na siku ile. Lakini yapo mawili yaliyotokea mwaka huo huo ambayo ofisi za ulinzi zingepaswa kuyasoma kwa makini zaidi. Tarehe 12 Aprili, siku kumi tu baada ya Garissa, transfoma ya umeme ililipuka kabla ya mapambazuko katika Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakakanyagana na wengine wakaruka madirishani, mmoja akafa na zaidi ya 100 wakaumia. Tarehe 30 Novemba, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi bila watu wengi kujua kwamba ni zoezi. Watu wakaruka kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Katika visa hivyo viwili hapakuwa na mvamizi hata mmoja. Watu waliumizwa na kutokujua, na waliozoea kuambiwa ukweli katika mambo madogo huamini wanachoambiwa siku ya jambo kubwa. Katika kampasi yetu kengele ya kubadilisha vipindi na ya hatari ni moja, na sijapata mwanafunzi anayejua aelekee wapi ikilia usiku.

Kuhusu milango, wanafunzi nasi tuna sehemu yetu. Miezi ya kaskazi, hasa kuanzia Januari mpaka mvua za masika zinapokaribia, vyumba vya hosteli huwa havilaliki, na mlango wa nyuma huwekewa jiwe la tumbawe ili upepo wa baharini upite ukumbini. Walinzi huliondoa, na kabla ya usiku wa manane limesharudishwa. Kuwalaumu wanaotafuta hewa hakutasaidia, ilhali fundi yeyote wa vyuma wa hapa mjini anaweza kutengeneza mlango wa nondo na wavu, unaopitisha upepo na kufungwa kwa ufunguo. Tumeliomba hili na hatujajibiwa.

Lipo jambo ambalo lango na ukuta havina uwezo nalo, nalo ni unyanyasaji wa kijinsia unaofanywa na watu wa ndani. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka wa 2006 inamtambua kuwa mhalifu mtu mwenye mamlaka anayemsumbua kwa matakwa ya kimwili aliye chini yake, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sijaona tangazo lolote la sheria hiyo katika kampasi, wala la nambari ya simu 1195, isiyo na malipo, inayopokea taarifa za ukatili wa kijinsia nchini kote. Mlinzi wa kike yupo zamu ya mchana peke yake. Msichana aliyefikwa na jambo usiku itambidi alieleze dirishani, mbele ya wanaume na mbele ya kila anayepita, na wengi wangeona afadhali kungoja mpaka asubuhi. Kungoja huko kuna hatari yake, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Kumweka mlinzi mmoja wa kike zamu ya usiku, na chumba kidogo chenye mlango, kungebadilisha mengi, na hapa lawama yangu ni kwa waliotia sahihi mkataba bila kulidai.

Walinzi wenyewe wanastahili kutunzwa vizuri zaidi. Wanasimama zamu yenye urefu wa saa 12, redio za mawasiliano hazitoshi, na msimu wa masika niliona walinzi wawili wakipokezana koti moja la mvua. Tochi ya babu aliinunua mwenyewe.

Mzazi au mwanafunzi anayefikiria kujiunga nasi muhula wa Septemba asiridhike na kuonyeshwa lango. Aulize mlinzi wa kusindikiza ni nani na hupatikana saa ngapi, aitembee njia ya karakana jua likishatua na si saa sita mchana pamoja na msafara wa wageni, na aombe aonyeshwe daftari la matukio; akikataliwa, amwulize anayemkataza sababu. Simu yake aibonyeze *#06# na nambari itakayotokea aiandike kwenye karatasi aiweke mbali na simu yenyewe, kwani polisi wataihitaji ikiibwa. Viongozi wa wanafunzi wamepeleka ombi kwamba yaliyoandikwa katika daftari, bila majina ya walioathirika, yabandikwe kila Jumatatu kwenye ubao wa maktaba mara ofisi inapomaliza kutia sahihi. Likikubaliwa, nitairekebisha tathmini hii na kuongeza nyota ya nne. Ya tano naiwekea mlinzi wa kike wa usiku.