Kroskompaila za Ubuntu: kuzipata rahisi, kuzibadilisha kuna mtego

Mbukwenyi wadau! Hapa Dodoma leo tunazipima kroskompaila za Ubuntu 24.04, yaani kompaila zinazojenga programu ya kuendeshwa kwenye prosesa ya aina nyingine. Unajenga programu kwenye laptop ya Intel, itakayoiendesha ni bodi (kompyuta ndogo) yenye prosesa ya ARM. Tuseme Raspberry Pi inayosoma unyevu wa udongo kwenye zabibu kule Hombolo.

Usakinishaji naupa maksi zote:

`sudo apt install gcc-aarch64-linux-gnu gcc-arm-linux-gnueabihf`

Ya kwanza ni ya biti 64, ya pili ya biti 32. Haziingiliani, kila moja ina jina lake. Angalia hizo herufi hf mwishoni: ukichukua gnueabi tupu, namba za desimali zinapitishwa kwa utaratibu mwingine na maktaba za bodi hazitaelewana nayo.

Sasa kubadilisha, yaani kuhama kutoka kompaila ya laptop kwenda ya bodi. Wengi hupiga `export CC=aarch64-linux-gnu-gcc`, ili kila ujenzi utumie kompaila hiyo. Sawa, mpaka usahau kuifuta: unajenga kitu cha laptop, ukikiendesha unapata `Exec format error`. Mimi napendelea CMake, zana ya kusimamia ujenzi wa programu. Andika faili `pi64.cmake`:

`set(CMAKE_SYSTEM_NAME Linux)`
`set(CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR aarch64)`
`set(CMAKE_C_COMPILER aarch64-linux-gnu-gcc)`

Kisha:

`cmake -B jenga-pi64 -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=pi64.cmake`

Kila bodi na folda yake. Usibadilishe kompaila ndani ya folda ya zamani; CMake huikumbuka ile ya kwanza kwenye `CMakeCache.txt`. Futa folda, anza upya.

Kasoro kubwa ni glibc, maktaba ya msingi ya C ambayo karibu kila programu inaitegemea. Ubuntu 24.04 ina 2.39, bodi yenye Debian 12 ina 2.36. Programu inajengeka vizuri kabisa, halafu kwenye bodi inagoma: `GLIBC_2.38 not found`. Jengea ndani ya kontena (mfumo uliotengwa ndani ya laptop yako) la Debian 12. Programu ndogo unaweza kuiwekea `-static` ibebe maktaba zake ndani, yaishe.

Na wenye Pi Zero ya kwanza, poleni. Ile ni ARMv6, toleo la zamani la ARM; kompaila hii ya biti 32 inatoa ARMv7, jibu lake ni `Illegal instruction`. Kuongeza `-march=armv6` hakutoshi, kwa sababu hata maktaba zilizokuja nayo ni za ARMv7.

Kabla hujapanda gari la Hombolo na memori kadi mfukoni, piga `file programu`, uone imeandika ARM aarch64. Halafu `aarch64-linux-gnu-objdump -T programu | grep GLIBC_`. Ukiona namba inayozidi 2.36, usipande.