Jino likishang'olewa, tundu lijazwe nini? Vijazio vya mfupa, kuanzia ninachokiweka mbele

"Tunaling'oa, halafu tunaweka mfupa kidogo ili taya lisibonyee." Daktari wa meno huisema haraka, ganzi imeshashika mdomo, na mgonjwa anaitikia kwa kichwa. Baadaye anakuta kwenye risiti mstari ulioandikwa "mfupa" wenye bei ya kushtua. Mfupa wa nani? Umetoka wapi? Kijazio cha mfupa ni bidhaa kama nyingine. Kina aina, kina asili, kina tarehe ya kuisha, na kinachomfaa jirani yako huenda kisikufae wewe.

Kwanza ujue kama unakihitaji. Mfupa unaolishika jino huishi kwa ajili ya jino hilo, na likitoka huanza kuyeyuka. Ukuta wa nje, ule wa upande wa mdomo na shavu, ndio unaotangulia, maana kwenye meno ya mbele mara nyingi haufiki hata unene wa milimita 1. Ndani ya mwaka mmoja upana wa taya mahali pale unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa hupotea katika miezi 3 ya mwanzo. Kujaza tundu hakuzuii jambo hilo, kunalipunguza tu. Tafiti zikijumlishwa, kinachookolewa ni kama milimita 1 hadi 2. Ni kidogo mpaka ukumbuke kwamba pandikizi la kawaida, ile skrubu ya titani inayobeba jino jipya, lina kipenyo cha kama milimita 4 na linataka mfupa pande zote mbili. Hizo milimita 2 ndizo zinazoamua kama pandikizi litaingia bila shida au utafanyiwa upasuaji mwingine wa kuongeza mfupa, ambao bei yake ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo, kama umeng'oa gego la mwisho, au umeshaamua kuvaa meno ya bandia ya kuvua na kuvaa, weka pesa yako mfukoni. Isipokuwa jino la mbele litakalofunikwa na daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani: pale ufizi ukibonyea, kila ukicheka panaonekana shimo jeusi. Na kama daktari anapanga kuweka pandikizi siku hiyo hiyo, au baada ya wiki 6 hadi 8, mpango ni mwingine na mwongozo huu haukuhusu sana.

Tahadhari moja kabla ya orodha. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio ya njia hizi, hayakupata kijazio kinachovishinda vingine waziwazi. Muuzaji akikuambia chake ndicho bora duniani, mwache aendelee kuuza. Mpangilio wangu unafuata mambo mengine: kijazio kinakaa muda gani, pandikizi linaingia lini, imani yako inakubali nini, na mfuko wako.

Namba 1: mfupa wa ng'ombe

Hizi ni chembe za mfupa wa ng'ombe zilizoondolewa protini zote hadi yakabaki madini matupu. Bio-Oss ya Geistlich, kampuni ya Uswisi, ndiyo inayojulikana zaidi, na karibu kila kijazio kipya hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Sifa yake kubwa ni uvivu wake: haina haraka ya kuyeyuka. Miaka kadhaa baadaye chembe bado zinaonekana kwenye picha, zimezungukwa na mfupa mpya. Kwa jino la mbele uvivu huo ndio unaoutaka, kwa sababu unalinda umbo la ufizi. Ubaya unatokana na sifa hiyo hiyo. Daktari anapotoboa ili aweke pandikizi baada ya miezi 6, anakutana na mchanganyiko wa mfupa hai na chembe za ng'ombe, si mfupa hai mtupu. Mapandikizi hushika vizuri tu hata hivyo, lakini usiharakishe.

Hapa wagonjwa wa Zanzibar na Mombasa huuliza swali ambalo baadhi ya madaktari hawajajiandaa kulijibu: kuna nguruwe humo? Chembe za Bio-Oss zenyewe ni ng'ombe. Bio-Oss Collagen, iliyofinyangwa kuwa kipande kimoja laini, ina asilimia 10 ya kolajeni (protini ya nyuzi za ngozi na mfupa) ya nguruwe. Utando wa Bio-Gide, ambao mara nyingi hufunikiwa juu yake, nao ni wa nguruwe. OsteoBiol ya Italia ina vijazio vya nguruwe na vya farasi pia. Kwa Mhindu wa Dar es Salaam au Nairobi swali linageuka, ng'ombe mwenyewe ndiye tatizo. Muulize daktari kuhusu chembe, kisha kuhusu utando. Ni bidhaa mbili tofauti, na ukiulizia moja utajibiwa moja.

Namba 2: mfupa wa binadamu

Hutoka kwa wafu waliojitolea viungo, ukapimwa magonjwa, ukasafishwa, ukagandishwa na kukaushwa. Kwa magego, ambako unataka mfupa hai haraka na sura ya ufizi si kilio kikubwa, mimi ningeupandisha hadi namba 1. Unayeyuka mapema kuliko wa ng'ombe, na pandikizi huweza kuingia baada ya miezi 4 hivi.

Uko wa aina mbili, na kichupa kitakuambia ni upi: wenye madini yake na ulioondolewa madini. Katika utafiti wa Wood na Mealey wa 2012, matundu yaliyojazwa ule ulioondolewa madini yalikuwa na mfupa hai wa takriban asilimia 38, dhidi ya asilimia 25 kwa wenye madini. Inavutia, lakini ulioondolewa madini pia hushika umbo kwa udhaifu, kwa hiyo wengi hupendelea wenye madini au mchanganyiko wa yote mawili. Wapo wasioweza kuvumilia wazo la kuwekewa mfupa wa marehemu. Hiyo ni haki yao, na daktari anayelitaja jambo hilo baada ya kushona amewakosea.

Namba 3: jino lako lenyewe

Ndiyo, lile lile lililong'olewa. Meno na mfupa vina undugu mkubwa wa madini na kolajeni. Jino linasafishwa, vizibo vya zamani, uoza na mabaki ya ufizi vinaondolewa, linasagwa kwa mashine kuwa chembe, linaoshwa kwa dawa, kisha linarudishwa kwenye tundu siku hiyo hiyo, mgonjwa akiwa bado kwenye kiti. Halina mjadala wa dini, halina hofu ya marehemu, na kliniki ikishanunua mashine gharama inayobaki ni ndogo. Majibu yake mpaka sasa ni mazuri. Nimeliweka la tatu kwa sababu mbili: tafiti zake bado ni chache ukilinganisha na ng'ombe, na si kila jino linafaa. Jino lililowahi kuzibwa mzizi wengi hulikataa, na lililooza hadi likabaki ganda halitoi chembe za kutosha. Kliniki yako ikiwa na mashine hiyo na jino lako likiwa limepasuka tu, usilidharau.

Namba 4: vya kiwandani

Hapa tunazungumzia madini yaliyotengenezwa na mtu: haidroksiapataiti, ambayo hukaa sana, trikalsiamu fosfeti, ambayo huondoka katika miezi kadhaa, na mchanganyiko wa hizo mbili. BoneCeramic ya Straumann, kwa mfano, ina asilimia 60 ya ile ya kwanza na 40 ya ile ya pili. Havina mnyama wala marehemu, na kwa kawaida bei yake haiumi sana. Ukichagua humu, chagua mchanganyiko. Trikalsiamu peke yake inaweza kuondoka kabla mfupa haujashika nafasi. Jasi ya hospitali, jamii ya plasta inayofungiwa mfupa uliovunjika, ambayo ilishajaribiwa kwenye mashimo ya mfupa tangu 1892, inayeyuka ndani ya wiki chache. Inafaa kuchanganywa na kingine, si kusimama peke yake.

Namba 5: damu yako

Unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine kwa dakika kama 10, na kinachobaki katikati ya chupa ni donge la njano la fibrini, nyuzi zinazogandisha damu. Joseph Choukroun wa Ufaransa ndiye aliyeianzisha mwaka 2001, na inaitwa PRF, kifupi cha Kiingereza cha fibrini yenye chembe sahani nyingi za damu. Ufizi hupona vizuri, na kwa magego ya mwisho maumivu ya tundu kavu, yaani tundu lililopoteza donge lake la damu, hupungua. Ila kama kilinda upana wa taya, peke yake, haijashawishi. Ikichanganywa na chembe huzishikamanisha zikawa donge moja linaloshikika kwa koleo, na hapo inaonyesha faida yake kweli.

Namba 6: kizibo cha kolajeni

Kinazuia damu, kinayeyuka katika wiki chache. Kama ndicho kitu pekee ulichowekewa, usilipie bei ya kijazio cha mfupa.

Mfupa wako mwenyewe uliochukuliwa kidevuni au nyuma ya taya sikuuorodhesha. Ni mfupa hai, hauna mfano, lakini kufungua jeraha la pili kwa ajili ya tundu la jino moja ni kazi kubwa kwa faida ndogo.

Sasa kile ambacho hakiuzwi kwenye kichupa. Jino lililotolewa kwa kukatwa vipande na kulegezwa taratibu, bila kuegemeza chombo kwenye ukuta ule mwembamba wa nje, linakuachia tundu lenye kuta nne. Likitolewa kwa nguvu na ukuta ukavunjika, hata kijazio ghali kuliko vyote kinafanya kazi ya kuziba pengo. Ningepewa kuchagua, ningelipia mkono wa daktari kabla ya kulipia chembe. Na chembe zenyewe hazishindiliwi. Zinalowekwa kwa damu au maji ya chumvi mpaka zifanane na mchanga wa pwani maji yakishakupwa, kisha zinawekwa kwa wepesi, kwa sababu damu lazima ipenye katikati yake.

Angalia vipimo unapolinganisha bei. Wengine huuza kwa gramu, wengine kwa mililita. Gramu 0.5 ya chembe ndogo za Bio-Oss hujaza takriban mililita 1. Tundu la jino la mzizi mmoja hutaka karibu mililita 0.5, na gego hufika 1 au zaidi kidogo. Kwa jino moja la mbele, ukiandikiwa vichupa viwili, uliza kwa nini.

Omba kuona kichupa kabla hakijafunguliwa. Kiwe na pakiti iliyofungwa, tarehe, namba ya toleo, na kiwe kimeingia nchini kihalali: kwa Tanzania msimamizi ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Ndani kuna stika. Moja ibandikwe kwenye faili lako, nyingine unaweza kuiomba uende nayo. Kichupa ni cha mgonjwa mmoja. Nusu iliyobaki hutupwa, haisubiri mgonjwa wa saa nane mchana, na ukipewa punguzo kwa sababu "kuna kilichobaki", kataa.

Ukitoka pale, sigara iache. Kama una kisukari, kiwe kimedhibitiwa kabla ya kung'oa. Na kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa au za saratani iliyoingia mifupani, mwambie daktari kabla ya sindano ya ganzi. Siku chache za mwanzo unaweza kutema chembe mbili tatu kama changarawe, na hilo si tatizo. Zikitoka nyingi, au ukasikia ladha ya usaha, rudi siku hiyo hiyo.