Ziara ya Makanisa ya Kale ya Norwich: Uzoefu Wangu, na Pale Panapostahili Kulipiwa

Nimeshiriki ziara ya kutembea kwa miguu katika makanisa ya kale ya Norwich, mashariki mwa Uingereza, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wasomaji wanaoishi Ulaya au wanaotarajia kupita huko, ambao watajiuliza kama kuna haja ya kumlipa mwongozaji katika mji ambao makanisa yake mengi huingiwa bure. Jibu langu ni kwamba Kanisa Kuu unaweza kulitembelea mwenyewe bila kupoteza kitu kikubwa. Makanisa madogo ya vichochoroni, ambayo ndiyo hazina hasa ya mji huu, utayapita bila kuyaelewa usipokuwa na mtu wa kukueleza. Kampuni iliyonihudumia sitaitaja, maana nina malalamiko kadhaa juu yake na nisingependa yachukuliwe kuwa hukumu ya kudumu.

Ziara ilianzia katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, ambalo ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1096 na Askofu Herbert de Losinga. Mwongozaji wetu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya darasani, hakuanza na sifa za usanifu bali na kosa la mjenzi wake: Herbert aliununua uaskofu kwa fedha kutoka kwa Mfalme William Rufus, baadaye akajuta na kwenda Roma kuomba msamaha wa Papa, na kwa karne nyingi watu wa Norwich wamesimulia kwamba jengo hilo lilikuwa sehemu ya toba yake. Toba hiyo iligharimu mno, kwa kuwa Norfolk, mkoa wenye Norwich, hauna mawe mengi ya kujengea isipokuwa gumegume, jiwe gumu la kutoa cheche, hivyo mawe meupe yaliletwa kwa meli kutoka Caen, katika Normandy, yakapandishwa kwa Mto Wensum, kisha yakafikishwa kwenye uwanja wa ujenzi kwa mfereji uliochimbwa kwa kazi hiyo. Mnara wake uliochongoka una urefu wa mita 96, na katika Uingereza nzima ni ule wa Salisbury tu unaouzidi.

Kinachomfanya mgeni akae humo muda mrefu ni dari. Mahali ambapo mbavu za mawe zinakutana pamewekwa mafundo yaliyochongwa na kupakwa rangi, zaidi ya 1,000 kwa jumla ukihesabu na yale ya varanda za ua wa watawa, na yale ya ukumbi mkuu yanasimulia Biblia tangu uumbaji hadi siku ya mwisho. Shida ni kwamba yako juu sana. Mwezi Agosti 2019 wakuu wa kanisa walisimamisha ndani ya ukumbi mnara wa kuteleza kama ule wa viwanja vya michezo ya watoto, ili watu wapande na kuyaona mafundo hayo kwa karibu, na kelele zilizofuata kutoka kwa waliodhani nyumba ya ibada imedhalilishwa zilienea nchi nzima. Siku hizi mgeni hupata kioo cha kutazamia bila kuvunja shingo. Karibu na hapo lipo birika la ubatizo la shaba, na aliyesimama mbele yangu alilishika ukingoni kabla hajaambiwa kwamba lilikuwa chombo cha kutengenezea chokoleti katika kiwanda cha mjini kilichofungwa katika miaka ya 1990.

Hata hivyo, haya yote utaelezwa bila malipo na wahudumu wa kujitolea wa Kanisa Kuu, ambao huwaendea wageni kwa upole na kuwajibu kwa kina. Kiingilio hakuna, lipo sanduku la sadaka. Ndiyo sababu nilihesabu saa nzima tuliyotumia humo kuwa matumizi mabaya ya muda tulioulipia, ingawa nakiri kwamba mwongozaji alituonyesha kitu ambacho ningekipita: picha ya altare iliyochorwa katika miaka ya 1380, wakati wa Askofu Henry Despenser, aliyeongoza kuzimwa kwa uasi wa wakulima wa mwaka 1381 katika eneo hilo. Wakati wa Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, picha za namna hiyo zilipokuwa zikivunjwa, hiyo iligeuzwa kifudifudi ikafanywa meza, na haikutambuliwa hadi mwaka 1847.

Thamani ya ziara ilionekana tulipotoka langoni. Norwich ilikuwa na makanisa 57 ndani ya kuta zake katika zama za kati, na 31 kati ya hayo bado yamesimama, idadi ambayo hakuna mji mwingine wa Ulaya kaskazini mwa milima ya Alps unaoifikia. Chanzo chake ni sufu. Kwa muda mrefu huu ulikuwa mmoja wa miji mikubwa kabisa ya Uingereza baada ya London, na matajiri wa nguo walishindana kujenga na kupanua makanisa ya parokia zao, mengine yakiwa umbali wa kutupiana jiwe. Katika St Michael Coslany mwongozaji alituambia tuweke kiganja ukutani. Mafundi walizipasua gumegume hadi zikatoa uso mweusi unaong'aa, wakazichonga zikalingana, kisha wakazipachika ndani ya fremu za mawe meupe zenye umbo la madirisha, hata ukuta mzima ukaonekana kama una madirisha ambayo hayapo. Gumegume hupasuka inavyotaka yenyewe na kingo zake hukata kama wembe, kwa hiyo kuipata yenye pembe sawasawa si kazi ya siku moja. Nilipitisha kidole kwenye maungio nikakosa mahali pa kuingiza hata ukucha.

Ndani ya kanisa hilohilo siku hizi wanafanya mazoezi watu wa sarakasi. St James ni ukumbi wa maonyesho ya vikaragosi, na St Swithin ni kituo cha sanaa na muziki. Makanisa mengi ya aina hii yalikosa waumini, na tangu mwaka 1973 uko mfuko maalumu unaoyatunza na kuyapangisha. Wenzangu wawili katika kundi, waumini wa dhati kutoka Kampala, walisikitika waziwazi. Mimi naona jengo lenye mpangaji lina paa, na lisilo na mpangaji huanguka. Kanisa la St Benedict, lililopigwa kwa mabomu ya Wajerumani mwezi Aprili 1942, limebaki mnara wa duara peke yake katikati ya nyumba za makazi. St Peter Mancroft, lililokamilika mwaka 1455 kando ya soko, bado lina ibada, lina vioo vya rangi vya karne ya 15, na ndimo kengele zilimopigwa mwezi Mei 1715 kwa mpangilio kamili wa mabadiliko 5,040 ya mfuatano wa kengele bila kurudia, wa kwanza wa aina yake kuandikwa katika kumbukumbu.

Mwongozaji hakuficha upande mchungu, na hapo nampa alama zote. Mwaka 1144 kijana aliyeitwa William alikutwa ameuawa nje ya mji, na mtawa Thomas wa Monmouth akaandika kwamba Wayahudi ndio waliomuua kwa ibada yao. Huo ndio uzushi wa kwanza wa aina hiyo unaojulikana katika Ulaya ya zama za kati, na ulisambaa na kuua watu kwa mamia ya miaka. Mwezi Februari 1190 Wayahudi wa Norwich walishambuliwa na kuuawa majumbani mwao, na mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza akawafukuza wote nchini. Mwaka 2004, wakati wa kujenga maduka ya Chapelfield, ilipatikana mifupa ya watu 17 ndani ya kisima. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sita waliopimwa walikuwa na asili inayolingana na Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wa Ulaya ya kati na mashariki, na watatu kati yao walikuwa ndugu, mabinti wa wazazi walewale. Ninacholalamikia ni kwamba maelezo haya tulipewa tukiwa tumesimama kando ya barabara yenye mabasi, nusu ya kundi likiwa halisikii, kisha tukaharakishwa.

Kituo kilichofuata kilikuwa ukumbi wa St Andrew, uliokuwa kanisa la watawa Wadominiko hadi Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa. Mji uliununua mwaka 1540, na hivyo ukaokoka kuwa machimbo ya mawe kama nyumba nyingine nyingi za watawa. Mwaka 1565 mji uliwaalika wafumaji Waprotestanti waliokuwa wakiteswa katika Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo), wenyeji wakawaita Wageni, na katika muda mfupi walifikia karibu theluthi moja ya wakazi. Sehemu ya altare ya Wadominiko wakapewa Waholanzi wasali humo kwa lugha yao. Kwa mtu anayeishi ughaibuni na kusali katika jengo la kuazima, kusimama pale kuna uzito wake, na ningependa tungekaa zaidi.

Badala yake tulikimbizwa hadi mtaa wa Colegate, ambako waliojitenga na Kanisa la Uingereza walijenga nyumba zao: Wakongregesheni mwaka 1693, na Wapresbiteri jengo lao la pembe nane mwaka 1756, ambalo John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti, alilisifu kwa uzuri wake. Yote mawili tuliyatazama kwa nje, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepanga yafunguliwe, jambo ambalo simu moja ingelimaliza. Habari za Wakweka, Wakristo wapinga vita wasio na makasisi, mwongozaji alizisimulia huku akitembea. Elizabeth Fry, aliyetetea wafungwa wanawake, alizaliwa hapa mwaka 1780 katika ukoo wa Kikweka wa Gurney, na dada yake Hannah aliolewa na Thomas Fowell Buxton, aliyeongoza bungeni vita iliyozaa sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Waingereza. Wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa miaka 40 baadaye.

Tulimalizia katika chumba cha Julian, mwanamke aliyekuwa amejifungia kwa ajili ya sala kwenye chumba kilichoungana na kanisa la St Julian baada ya kupata maono akiwa mgonjwa mwezi Mei 1373. Kitabu chake ndicho cha kwanza kinachojulikana kuandikwa na mwanamke kwa Kiingereza. Kanisa lililipuliwa mwaka 1942 na kujengwa upya, kwa hiyo chumba unachokiona si kuta alizozigusa, na kundi letu la watu zaidi ya ishirini lilikijaza hadi mlangoni. Nenda peke yako asubuhi.

Kuhusu huduma yenyewe: tangazo lilisema kundi dogo, lakini halikuwa dogo. Vipaza sauti vya masikioni havikuwepo. Lugha ni Kiingereza tu, na lafudhi ya Norfolk huhitaji muda kuizoea. Njia ina mawe ya mviringo na vilima viwili, hivyo mzee wa miguu mibovu aulize mapema. Kanisa Kuu la Kikatoliki la St John the Baptist, lililojengwa kati ya 1882 na 1910 kwa fedha za Duke wa Norfolk, halimo katika ratiba kabisa. Kwa yote hayo naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nikirudi nitaomba ziara ya makanisa madogo pekee, na alasiri nitaingia Kanisa Kuu kwa sala ya jioni inayoimbwa na kwaya, ambayo haina malipo.