Bunduki ya kwanza ya mpwa wangu: tathmini ya Ruger American Ranch

Dada yangu anayeishi Texas aliponipigia simu kuniomba nimsaidie kuchagua bunduki ya kuwindia kwa ajili ya mwanawe wa miaka 12, nilikuwa nimeketi na Mama sebuleni South C, Nairobi, na ikanibidi nimtetee dada kabla ya kumshauri. Kwa Mama, bunduki ni kitu cha askari na majambazi, na uwindaji ni jambo lililopigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977. Nilimweleza kwamba huko waliko nguruwe mwitu wamezidi hata wakulima wanawakaribisha wawindaji, na kwamba mtoto hawindi peke yake bali huketi ubavuni mwa babake. Mama hakuridhika, ila alinyamaza. Mimi mwenyewe nina leseni na hufanya mazoezi Kirigiti, Kiambu, kwa hiyo nilipowatembelea baadaye niliipima bunduki waliyoinunua, nikaifyatua, kisha nikamtazama mwenyewe akiifyatua.

Masharti ya dada yalikuwa matatu: gharama isizidi dola 700, ambazo ni takriban Sh90,000, kitako kimtoshe mtoto, na mdomo wa mtutu uwe umechongwa hesi kiwandani ili kiwambo cha sauti, yaani kifaa cha kupunguza mlio, kiweze kufungwa bila kumtafuta fundi. Sharti la pili ndilo wauzaji hulipuuza. Katika duka la kwanza walilokwenda, muuzaji alimpa mtoto bunduki ya mtu mzima ya kaliba (kipimo cha risasi) ya .308 na kusema kwamba ataikulia, kana kwamba ni sare ya shule. Kitako kikiwa kirefu, mtoto hulazimika kuegemea nyuma na kunyoosha shingo ili jicho lifike kwenye darubini, bega halishiki kitako sawasawa, na teke la bunduki humpata vibaya. Akishaumizwa mara mbili ataanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na gharama ya kuiondoa tabia hiyo ni kubwa kuliko fedha zozote utakazookoa.

Hapo ndipo Ruger American Ranch ya kizazi cha pili iliponishawishi. Kitako chake ni cha plastiki, na kina kipande kinachoweza kuondolewa, hivyo umbali kutoka kifyatulio hadi bega hubadilika kutoka takriban sentimita 35 hadi 30 na nusu. Mtutu una urefu wa inchi 16, yaani sentimita 41 hivi, na uzito wote bila darubini haufiki kilo 3. Swichi ya usalama iko juu, nyuma ya bolti (komeo la kuingizia na kutolea risasi), mahali ambapo kidole gumba hufika chenyewe, na ina hatua tatu. Ile ya katikati humruhusu mtoto kufungua bolti na kutoa risasi huku kifyatulio kikiwa bado kimefungwa. Kwa mwanafunzi, naihesabu hatua hiyo kuwa na thamani kuliko urembo wowote. Plastiki yenyewe haina mvuto, na ukiigonga hulia kama ndoo tupu, lakini hatukwenda kununua fanicha.

Kuhusu kiwambo, filamu zimetudanganya sana. Mlio wa bunduki ya kuwindia hufikia desibeli 160 hivi, ilhali mlio wa ghafla unaozidi 140 unaweza kuharibu usikivu papo hapo. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli kati ya 20 na 35, kwa hiyo kinachobaki bado ni mlio mkubwa, na mpwa wangu huvaa vikinga masikio vilevile. Faida yake ni kwamba mlipuko haumshtui mtoto, teke hupungua, na babake anaweza kumwelekeza bila kupiga kelele. Baadhi ya bunduki huuzwa zikiwa na breki ya mtutu, kipande chenye matundu kinachofungwa mdomoni, badala yake. Breki hupunguza teke kweli, lakini husukuma mlio pembeni na nyuma, kuelekea masikio ya mtoto na ya aliye kando yake. Singemnunulia mwanafunzi bunduki ya namna hiyo nikaiacha breki mahali pake.

Mtutu mfupi una maana hapa pia, kwa sababu kiwambo huongeza sentimita 15 hadi 20 mbele, na bunduki yenye mtutu wa inchi 22 ikifungwa kiwambo humlemea mtoto kama mtu anayeshika mwiko kwa ncha ya mpini. Hata hii ya inchi 16 huinamia mbele kidogo, na mpwa wangu hufyatua akiwa ameiweka juu ya mfuko wa mchanga.

Kaliba waliyochagua ni .300 Blackout, ambayo teke lake ni dogo na ambayo baruti yake huungua vizuri katika mtutu mfupi. Inafaa kwa nguruwe na swala wa huko kwa umbali usiozidi mita 100 na ushei. Kuna risasi zake nzito za gramu 14 zinazokwenda polepole kuliko sauti, na ndizo hasa hutulia zikipitia kwenye kiwambo, lakini nguvu zake ni kidogo na nilimshauri shemeji asimpe mtoto risasi hizo kuwindia, kwa kuwa mnyama aliyejeruhiwa akatokomea ni somo baya la kwanza. Hatari kubwa zaidi ni kwamba risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia katika bunduki ya .223, na ikifyatuliwa humo bunduki hupasuka usoni mwa mpigaji. Shemeji anayo .223. Tulikubaliana risasi zikae katika makabati mawili yenye kufuli tofauti, na magazini zipakwe rangi tofauti. Kama nyumba yao isingekuwa na nidhamu hiyo, ningewaambia wachukue Ranch ya .223 na kuliacha jambo hilo.

Tikka T3x ya Ufini ina bolti laini zaidi, sikatai, lakini bei yake ingemeza bajeti yote kabla ya kununua darubini.

Gharama ya kiwambo ndiyo iliyomshangaza dada, maana chenyewe kilikaribia bei ya bunduki. Nchini Marekani kila kiwambo husajiliwa na serikali kuu, na tangu sheria ya mwaka 1934 mnunuzi alilipia ushuru wa dola 200, ambao umeshuka hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026, ingawa usajili umebaki. Kimeandikwa kwa jina la shemeji, naye ndiye mwenye kukifungua na kukifunga.

Siku ya tatu uwanjani, baada ya risasi kumi na tano, nilimuuliza mpwa wangu kama bega linauma. "Haliumi, Mjomba," alijibu, akaomba tano nyingine. Kile kipande cha kitako kilichoondolewa kiko ndani ya kabati la shemeji, kimefungwa kwa mpira pamoja na skrubu zake ndefu, na ukutani karibu nacho dada ameweka alama ya kimo cha mtoto kwa penseli.